Niliambiwa Ningeangalia Mbele

Watoto wananiita Anti. Nalea wadogo katika kituo kimoja hapa Bugembe, Uganda, karibu na barabara kuu iendayo Iganga, na saa nyingi za kazi nimempakata mtoto. Ukiwa na mtoto kifuani huoni unapokanyaga. Mwingine amekushika sketi kwa nyuma, uji umemwagika sakafuni, na mlangoni pana kizingiti. Ndivyo nilivyoanguka. Nilimwinua mtoto asiumie, uzito wote ukalalia kiganja kimoja. Yeye alilia kwa hofu tu. Mimi nilivunjika kifundo cha mkono.

Mwajiri alinipa pole na nauli ya kwenda Jinja mjini kupigwa eksrei. Kisha akasema, "Anti, ungeangalia mbele." Wenzangu waliitikia, nami nikaamini, maana tumelelewa hivyo: anayeteleza hujilaumu. Muda wote niliokaa na plasta sikulipwa mshahara, na dawa nilinunua kwa mkopo wa chama chetu cha akina mama.

Dada yangu ndiye aliyenisukuma hadi kwa afisa wa kazi. Afisa alinieleza Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000: mfanyakazi akiumia kazini akashindwa kufanya kazi siku 3 mfululizo au zaidi, mwajiri hulipa fidia, hata kama mfanyakazi mwenyewe alizembea. Nilimwomba arudie hapo pa uzembe. Akarudia. Gharama za matibabu pia ni za mwajiri. Nilidhani mambo hayo ni ya watu wa viwandani, wa sukari kule Kakira. Kumbe na sisi tunaofuta makamasi tumo.

Nilirudi kazini nimesimama wima. Deni la dawa lililipwa na mwajiri kidogo kidogo, na mshahara nao. Lakini kwangu kubwa zaidi ni kwamba kizingiti kilivunjwa, na uji sasa watoto wanaunywa barazani, wameketi mkekani. Hakuna anti anayebeba watoto wawili kwa mpigo tena.

Anti mwenzangu wa Jinja, Iganga au Mbale, ukianguka kazini mjulishe mwajiri siku hiyohiyo, kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Sheria inataka taarifa ndani ya mwezi mmoja. Akikwambia ungeangalia mbele, nenda kwa afisa wa kazi.