Asiyeona Katika Mkutano wa Sauti

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Tangu tuliporudi kutoka likizo ya Juni, wenzangu wengi wameniuliza jinsi mtu asiyeona awezavyo kuhudhuria mkutano wa mtandaoni, hali mikutano hiyo imejaa vitufe na picha. Siwezi kumjibu kila mmoja bwenini baada ya kengele ya kulala, kwa hiyo namshukuru Mhariri kwa kunipa nafasi hii katika gazeti letu. Nitaeleza namna ya kuingia, lakini zaidi nitaeleza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza, nalo ni siri.

Kwanza yafaa wazazi na wageni wajue jinsi tunavyoishi. Mimi niliacha kuona nilipokuwa darasa la tano, kwa ugonjwa wa glakoma, ambao watu wengi huuita presha ya macho. Hapa shuleni tuko watano tusioona. Maandishi yetu ni ya nukta nundu, nasi huyaandika kwa mashine ya Perkins, mashine nzito iliyoanza kutengenezwa mwaka 1951, ambayo hata ikianguka mezani huokotwa na kazi ikaendelea. Lakini habari za nyumbani haziji kwa nukta nundu. Huja katika simu ya mlezi wa bweni, maana sisi wanafunzi haturuhusiwi kuwa na simu shuleni, naye hunisomea kwa sauti. Mama akiniarifu kwamba ng'ombe ameuzwa, mlezi anajua kabla yangu, na kijana aliyetumwa kuniita anajua pia. Silalamiki, maana wote hao ni watu wema. Walakini mtu anayeona hupata habari zake kwanza, kisha huamua mwenyewe amwambie nani. Mimi huzipata pamoja na watu waliosimama karibu.

Basi, katika likizo ya Desemba nilisikia kwamba kuna watu wasioona, wengine walimu na wengine wafanyakazi wa ofisini, wanaokutana kwa sauti kila Alhamisi jioni na wanafunzi wasioona wa sekondari. Saa ya kwanza ni ya masomo, na baada yake huzungumza juu ya maisha yao. Mkutano ulikuwa katika Zoom. Binamu yangu, ambaye mimi humwita Dada, alikubali kuufungua katika simu yake. Aliandika neno la siri, akaandika jina langu, akaketi kitandani kando yangu ili abonyeze penye kubonyezwa, na akaninong'oneza majina ya waliokuwamo. Baada ya masomo kiongozi aliuliza kama kuna mgeni mwenye neno. Nilikuwa nalo, tena lilikuwa zito, lakini Dada alikuwa amekaa pale na pumzi yake naisikia. Nikasema tu kwamba nimefurahi kuwasikia.

Niliporudi shuleni nilimwendea Mwalimu wa kompyuta nikamweleza kwamba nataka kujua kuingia peke yangu. Hakuniuliza kwa nini, na kwa hilo namheshimu hata leo. Katika kompyuta moja ya chumba chetu aliweka programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA. Programu hiyo hailipiwi. Iliasisiwa mwaka 2006 huko Australia na vijana wawili, Michael Curran na James Teh, ambao wenyewe hawaoni. Inasema hata Kiswahili, ingawa kwa sauti ya mtu aliyemeza mabati. Kila Jumamosi baada ya usafi nilijifunza, bila kipanya wala kioo, kwa vidole na masikio.

Katika kompyuta, mambo makubwa ya Zoom yana vitufe vyake. Alt pamoja na A hufunga na kufungua maiki, Alt pamoja na V hufunga na kufungua kamera, na Alt pamoja na Y huinua mkono wako ili kiongozi ajue unaomba kusema. Mtu akikariri hivyo vitatu hahitaji kutafuta kitu chochote kiooni. Katika simu ya kioo namna ni nyingine. Simu za Android zina msomaji aitwaye TalkBack, na iPhone ina VoiceOver. Ukipitisha kidole juu ya kioo, simu hutaja kila kilicho chini ya kidole, na ukigonga mara mbili inatenda. Hata mwenye simu ya kitochi hakuachwa kabisa, kwa kuwa mkutano ukiwa umewekewa namba ya kupiga, yeye hupiga kama simu ya kawaida, akabonyeza nyota na 6 kufunga au kufungua sauti yake, na nyota na 9 kuinua mkono.

Sasa nifike kwenye siri, ambayo ina pembe nyingi kuliko nilivyodhani.

Pembe ya kwanza ni msomaji mwenyewe. Yeye husema kila kitu, na hajui nani yuko karibu. Usipovaa hedifoni, maneno yake hutoka nje na kuingia katika maiki yako, na watu wote mkutanoni watasikia ujumbe uliotumwa na mama yako wakati huo. Baadhi ya simu hutaja hata herufi za neno la siri unapoziandika. Kwa hiyo hedifoni kwetu si pambo la vijana wa mjini, bali ni mlango wa chumba. Jingine ni kwamba wenzako wanapoandikiana ujumbe mkutanoni, msomaji huusoma juu ya sauti ya anayezungumza, na sauti mbili hugombana sikioni mpaka hushiki hata moja. Yafaa kuuzima usomaji huo katika mipangilio kabla mkutano haujaanza. Tena, mtu akionyesha maandishi kwa kushiriki kioo chake, kwetu yale ni picha tupu, na msomaji hawezi kuyasoma. Naomba walimu wasomao haya wakumbuke kuyasoma kwa sauti, au kututumia mapema.

Pembe ya pili ni macho ya wengine. Mtu asiyeona hajui kamera yake inaonyesha nini nyuma yake, labda kitanda hakijatandikwa, labda mdogo wake anavaa. Kitufe huniambia kwamba kamera imefungwa, nami naamini, lakini pamoja na hayo mimi hubandika kipande cha plasta juu ya jicho la kamera, kwa sababu plasta naweza kuihakiki kwa kidole. Kisha kuna mtu anayeketi karibu na kusoma kioo chako wakati wewe huna habari. Kwa huyo kuna dawa nzuri sana. Katika TalkBack na VoiceOver kuna namna ya kukifanya kioo kiwe cheusi kabisa huku simu ikiendelea na kazi. Katika iPhone ni kugonga mara tatu kwa vidole vitatu, na katika TalkBack jambo hilo limo ndani ya menyu yake. NVDA nayo inalo. Huwa nacheka peke yangu nikifikiri kwamba anayeona akichungulia wakati huo, yeye na mimi tumelingana.

Pembe ya tatu ilinipa taabu zaidi, maana hapo urahisi na siri havikubaliani. Tangu Oktoba 2020 Zoom ina namna ya kuyageuza maneno kuwa fumbo kutoka simu ya msemaji hadi simu ya msikilizaji, hata kampuni yenyewe isiweze kuyafumbua. Lakini mwenye mkutano akiiwasha, hakuna awezaye kuingia kwa kupiga namba, na mwenzetu mwenye kitochi amefungiwa nje. WhatsApp nayo hufumba simu zake zote za sauti, hata za kundi, na mtu akishaizoea ni nyepesi, ila waliomo katika kundi huiona namba yako ya simu. Katika Zoom watu huona lile jina tu uliloliandika. Basi mtu lazima ajiulize anamficha nani: kampuni iliyo mbali, au wageni aliokaa nao mkutanoni. Mimi kwa shida yangu niliona bora wageni wasipate namba ya Mama. Nilibadilisha jina pia kabla ya kuingia, maana simu ilikuwa yake na jina lake ndilo lililokuwa limeandikwa.

Katika somo la Uraia tulifundishwa juu ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 9 yahusu kufikia huduma na vyombo vya habari, na ibara ya 22 yahusu faragha. Zimeandikwa mbalimbali, lakini kwangu ni jambo moja. Nisipoweza kufungua mlango kwa mkono wangu, yupo mtu atakayeufungua, naye ataingia pamoja nami.

Alhamisi moja ya likizo ya Juni niliomba simu ya Mama, nikavaa hedifoni, nikaingia peke yangu chumbani. Nilikaa katika chumba cha kungojea mpaka kiongozi aliponiruhusu. Saa ya masomo ilipokwisha niliinua mkono. Neno lililonikaa tangu Desemba lilihusu mdogo wangu, mwenye miaka tisa. Alikuwa ameanza kujigonga bega kwenye mihimili ya milango, na akisoma alikigeuza kichwa upande. Nami nilikumbuka kwamba nilianza hivyo hivyo. Sikutaka kulisema mbele ya Dada, kwa kuwa lingefika kwa Mama kabla ya giza kuingia, na Mama amekwisha kulia vya kutosha kwa ajili yangu. Nilitaka kwanza kuwauliza watu waliopita njia hiyo kama hofu yangu ina maana.

Mwalimu mmoja mwanamke, ambaye naye alipoteza macho kwa glakoma, alinijibu bila kuzunguka. Alisema ugonjwa huu mara nyingi hufuata ukoo, kwamba nuru iliyokwisha kupotea hairudi, lakini iliyobaki huweza kulindwa kwa dawa ya matone au kwa upasuaji, na kwamba kila mwezi wa kungoja unaweza kuwa na gharama yake. Akaniambia, "Mwanangu, kamwambie mama yako usiku huu huu, wala usimpe habari nusu nusu." Nilimshukuru, nikabonyeza kutoka, nikakaa kidogo nikisikiliza kioo kisichosema neno. Kisha nikamwita Mama nikamweleza yote.

Jumatatu walikwenda hospitali ya mkoa. Daktari alipima akakuta presha ya macho yote mawili imepanda, jicho la kushoto zaidi. Sasa mdogo wangu anatiwa matone kila siku, na wiki iliyopita ujumbe ulifika kwa mlezi wa bweni kwamba kipimo cha pili kimeshuka. Mlezi alinisomea kwa sauti uani, na safari hii sikujali nani alisikia.

Nimebakiwa na ombi moja kwa uongozi wa shule na kwa wazazi. Katika chumba cha kompyuta kuna hedifoni mbili. Moja inasikika upande wa kushoto tu, na sisi tuko watano.