Motokaa za Mbio na Sikio la Mjomba

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kazi yangu ni maneno. Lakini nakiri mbele ya msomaji kwamba tangu utoto wangu nina mapenzi ya motokaa za mbio, mapenzi ambayo shahada ya udaktari haikuyapunguza hata kidogo. Niliyapata Mkula, kando ya barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma, mahali ambapo leo pamo katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Mjomba wangu alikuwa, na hata sasa angali, fundi wa motokaa chini ya mwembe. Hakuwa na chombo cha kupimia isipokuwa sikio lake. Gari likiwa bado mbali barabarani, yeye alikwisha jua kwamba silinda moja haichomi.

Ndiye aliyenisimulia habari za Safari, mashindano yaliyoanza 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Alimpenda Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano, na mara ya kwanza, mwaka 1973, kwa Datsun 240Z. Motokaa ile ilikuwa na silinda sita katika mstari mmoja, kabureta, na magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyoisukuma. Kila kilichokuwamo kilionekana kwa macho na kufunguliwa kwa spana. Mjomba alinitajia viungo vyake kama mtu atajaye nasaba ya ukoo wake.

Siku hizi wapenzi wa motokaa hizo wamo katika manung'uniko, na wanafunzi wangu hubishana juu yake mpaka chai ikapoa. Hasira yao kubwa ni ya majina. Mwaka 2019 Ford ilionyesha motokaa ya umeme, yenye kimo cha kubebea jamaa nzima na mizigo yao, ikaipa jina la Mustang. Mwaka uo huo Toyota iliirudisha Supra, na injini yake ikatoka BMW. Mwaka 2022 Mercedes ilionyesha C 63 mpya yenye silinda nne na mota ya umeme, mahali pa silinda nane zilizokuwa zikinguruma. Na mwaka huo Subaru ikatangaza kwamba haitaunda STI ya petroli juu ya WRX yake mpya. Habari hii ya mwisho iliwachoma vijana kuliko zote, maana Subaru ndiyo waionayo njiani kila siku, na wakubwa wao wanakumbuka jinsi Colin McRae alivyoshinda Safari kwa Impreza mwaka 1997.

Wako pia wasemao kwamba mwendo ni mwendo. Mota ya umeme hutoa nguvu zake tangu gurudumu limesimama, haingoji injini ivute pumzi. Hawa wana haki, ingawa hawautaji sana uzito wa betri. Wenye mchezo wenyewe wangali wanapapasa: magari makubwa ya mashindano ya dunia yalitiwa mota ya umeme mwaka 2022, na mwaka 2025 ikaondolewa.

Nilipowasikiliza nilikumbuka ugomvi wa nyumbani kwetu. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, walikuwako waliosema kwamba shairi lisilo vina na mizani si shairi, na kwamba jina la ushairi limevikwa kitu kingine. Yawezekana vipi kilio hicho kisifanane na kilio cha Mustang? Basi nilikuwa nimekwisha toa hukumu moyoni mwangu: hawa ni walinzi wa desturi, na watazoea.

Desemba iliyopita nilikwenda Mkula. Kijana mmoja msafiri alisimamisha chini ya mwembe motokaa fupi ya mbio, mpya, itumiayo petroli na umeme pamoja, akasema imepoteza nguvu. Mjomba aliinua boneti. Aliona kifuniko cha plastiki, na ubavuni nyaya nene za rangi ya chungwa, rangi itumiwayo kuonya kwamba umeme wa humo waweza kuua. Alimwambia kijana awashe. Taa ziliwaka, mlio haukuja. Mjomba aliinama, akatega sikio, akangoja. Kisha akaishusha boneti kwa mikono miwili.

"Samahani, mwanangu," alisema, "hii siiwezi. Jaribu Mwanza."

Tangu nilipopata akili sijapata kumsikia akisema neno hilo. Hukumu yangu ikavunjika. Mpenzi wa Ulaya hulilia raha ya kushika gia na kusikia injini. Sisi hununua motokaa zilizokwisha tumika Japani miaka kumi au zaidi, na kwa hiyo yanayoamuliwa huko leo hufika Mkula mtoto wa leo akiwa fundi. Tena mfano wangu wa mashairi ulikuwa na kasoro: Kichomi kilimtaka msomaji ajifunze kusoma upya, lakini hakikufungwa kwa ufunguo uliobaki kiwandani.

Hata hivyo sitaki kumpamba mjomba. Zamani alizikataa pia injini zisizo na kabureta, akaziita za kishetani, na baada ya miaka miwili alikuwa akizitengeneza. Nilipomkumbusha alicheka, lakini si sana.

Usiku ule alinieleza kwamba mwanawe wa mwisho anataka kwenda VETA kujifunza umeme wa magari.

"Mpwa wangu, wewe umesoma. Huko watamfundisha kusikia?"

"Watamfundisha kusoma namba katika kompyuta, mjomba."

Alinyamaza kitambo. "Fahali mmoja atatosha ada?"

Nilimwambia kwamba nitauliza, na kwamba kikipungua kitu nitaongeza mimi. Asubuhi niliwakuta wote wawili kwenye pikapu ya zamani ya jirani, injini ikitetemeka, na kijana amefungwa kitambaa machoni.

"Ya tatu, baba."

"Sikiliza tena."