Kwenda Kitintale na Futi Mfukoni

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko kando ya Ngong Road, Nairobi, kwenye ule mstari wa vibanda vya vitanda, makochi na meza za kulia. Sijawahi kupanda skeitibodi, na kwa magoti haya niliyo nayo sina mpango huo. Mpwa wangu ndiye mwenye wazimu wa mchezo wenyewe. Hushinda Kangemi, pale Shangilia, kwenye uwanja uliojengwa mwaka 2013 kwa msaada wa shirika la Kijerumani la Skate-Aid, na kwa muda mrefu amekuwa akiniletea mbao zilizovunjika ili niziunge.

Haziungiki. Ubao wa skeiti hukatika palepale zinapoingia boliti, yaani mahali uzito wote wa mtu unapotua, na hakuna gundi ya dukani itakayombeba kijana wa kilo 60 anayeruka ngazi. Nilipomwambia hivyo mara ya mwisho, akauliza kama naweza kumtengenezea mpya. Nikamjibu ninavyomjibu kila mteja: lete vipimo.

Vipimo ndivyo vilivyotupandisha basi. Kila mwenzake aliyemuuliza alikuja na upana wake: inchi 7.5, inchi 8, inchi 8.25, inchi 8.5. Mmoja alisema upana si hoja, cha kuangalia ni umbali kati ya matundu ya mbele na ya nyuma. Mwingine akasema ubao ni ubao, panda twende. Mteja wa kabati hanisumbui hivi. Kwa seremala robo inchi si mchezo, mlango uliozidi robo inchi haufungi, na mimi nilitaka kujua robo hiyo inafanya nini chini ya mguu wa mtu.

Ilitokea kwamba vijana wa Kangemi walikuwa wamewaahidi wenzao wa Kitintale, Kampala, mgao wa mbao. Wageni kutoka Ulaya hupita, huteleza siku mbili tatu, kisha huacha walivyokuja navyo, vipya na vikuukuu. "Twende, mjomba," mpwa akaniambia. "Tutazimwaga zote chini, ujionee mwenyewe wanachagua zipi." Mpaka wa Malaba nilikuwa nausikia tu kwenye taarifa za malori yaliyokwama. Nikatia mfukoni futi na penseli, nikakunja karatasi za khaki za kuchorea, nikamwachia kijana wangu wa kazi funguo.

Basi liliondoka River Road jioni. Nilipakata ubao mmoja mpya, na kabla hatujafika Naivasha nilikuwa nimeshausoma wote kwa vidole. Ubavuni unahesabu tabaka saba. Tano nyuzi zake zinakwenda kwa urefu, kutoka puani hadi mkiani, na mbili zimekingamishwa ili ubao usipasuke kufuata nyuzi. Kila tabaka ina unene wa milimita moja na nusu hivi. Mti wenyewe ni meipo wa Amerika Kaskazini, unaokua polepole kwenye baridi na kwa hiyo nyuzi zake zimebanana, tofauti kabisa na saiprasi yetu inayorefuka upesi na kubonyea kwa ukucha. Tabaka hupakwa gundi, hutiwa kwenye kalibu, hukandamizwa, na zikitoka huko zimeshika umbo: pua na mkia vimeinuka, na kingo za pande zote mbili zimenyanyuka kidogo, katikati pamebaki bonde.

Bonde hilo ndilo lililonipotezea usingizi. Nililaza futi kutoka ukingo hadi ukingo nikachungulia mwanga wa simu ukipita chini yake. Ni kina cha milimita chache tu. Lakini kitu bapa hupinda kirahisi kuliko kilichofinywa, kwa hiyo bonde huupa ubao ugumu bila kuuongezea uzito, na tena huujulisha mguu ukingo uko wapi, kwa sababu mtelezaji hana nafasi ya kuinama aangalie. Yeyote aliyelibuni alikuwa fundi.

Ncha mbili za ubao, ukizitazama juujuu, ni pacha. Futi ilikataa. Ukipima kutoka kwenye matundu ya boliti, upande mmoja umezidi mwingine kidogo, na ndio ulioinuka zaidi. "Hiyo ndefu ndiyo pua," mpwa akasema, na kuanzia hapo akanisomesha hadi Eldoret.

Zamani, kwa maelezo yake, mkia peke yake ndio ulioinuka, na pua ilikuwa kipande bapa cha kukatia upepo. Kisha mwaka 1978 kijana wa Florida, Alan Gelfand, akaja na mbinu ya kuruka na ubao bila kuushika kwa mkono, akiwa kwenye kuta zilizopinda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Rodney Mullen akaihamishia kwenye sakafu tambarare, akaongeza kuuzungusha ubao hewani. Mtu akishaweza hayo, atataka kuruka kwa pua kama anavyoruka kwa mkia, na ubao wa mkia mmoja haumtoshi tena. Mwaka 1989 kampuni ya World Industries ilitoa ubao wa Mike Vallely, ule unaoitwa Barnyard, wenye ncha zote mbili zilizoinuka, na watengenezaji wengine wakafuata njia hiyo.

Upana nao una historia yake. Miaka ya 1980 mbao zilifika inchi 10, kwa kuwa watu walikuwa wakiteleza kwenye mabwawa ya kuogelea yasiyo na maji na kwenye kuta za mbao zilizopinda, na huko unahitaji mahali pa kusimama imara. Waliohamia barabarani walitaka kitu chepesi cha kugeuka upesi hewani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakapunguza hadi inchi 7.5 na chini ya hapo, na magurudumu wakayafanya madogo hadi yakawa kichekesho. Tangu wakati huo upana umekuwa ukirudi taratibu, na siku hizi inchi 8.25 ni ya kawaida kabisa. Nilipenda habari hiyo, kwa sababu hata vitanda vya Ngong Road vimenenepa na kukonda hivyo hivyo, ila kitandani hakuna aliyenipa sababu.

Malaba tulifika usiku wa manane. Kitambulisho kilitosha, hawakudai pasipoti. Ofisa wa forodha alifungua begi, akatoa ubao mmoja, akaugeuza, akaugonga kwa kifundo cha kidole. "Mbao hizi, mzee, ni za kuuza?" Nikamwambia ni za watoto kuchezea. Akauliza mbona hazina magurudumu. Mpwa akaeleza kwamba magurudumu wanayo wao, wanahitaji mbao tu. Ofisa akatutazama mmoja baada ya mwingine, mzee na kijana wenye begi la mbao zilizopinda ncha, akaona hakuna mlanguzi atakayebuni uongo wa namna hiyo. Tukapita.

Jua lilitukuta tukitoka Jinja, kwenye lile daraja jipya la nyaya juu ya Nile, lililofunguliwa mwaka 2018. Abiria waliolizoea hawakuinua hata shingo. Baada ya msitu wa Mabira basi lilisimama Namawojjolo, madirisha yakajaa mishikaki ya kuku na gonja za kuchoma, tukala vidole vikiteleza mafuta. Kampala yenyewe nitaipita haraka: msongamano, vilima, na boda mbili zilizotupeleka kupitia Port Bell Road, mimi nikiwa nimelikumbatia begi mbele ya tumbo na kumwomba dereva, kwa Kiswahili alichokielewa nusu, asiwe na haraka kiasi hicho.

Uwanja wa Kitintale ulianzishwa mwaka 2006. Jackson Mubiru na wenzake waliujenga kwa mikono yao, kwa saruji na koleo, na ndio uwanja wa kwanza wa skeiti Uganda. Fundi huona mkono wa fundi: ukuta wa saruji uliopinda pande mbili zikitazamana, umekwanguliwa na kuzibwa, umezibwa tena juu ya kiraka. Watoto walikuwa wamejaa. "Karibu, ssebo," wakanisalimu, wakalitazama begi.

Tukazimwaga mbao kwenye nyasi. Nilisubiri kuona nani atauliza inchi, na hakuuliza hata mmoja. Walizikanyaga. Wanavua viatu au wanabaki navyo, wanasimama juu ya ubao usio na magurudumu, wanasogeza mguu wa nyuma hadi mkiani, wanatikisa. Kisha, na hapa nikachomoa penseli, kila mmoja alikwenda kuchukua traki zake, yale makono ya chuma yanayoshika magurudumu, na kuzilaza kwa kichwa chini juu ya ubao.

Siri ya robo inchi iko hapo. Traki ni za chuma, zinadumu miaka, ubao unakatika. Kwa hiyo ubao ndio unaozifuata traki. Mvulana mmoja mrefu aliupenda ubao wa inchi 8.5, lakini ekseli yake ilikuwa na urefu usiofika inchi 7.75 kutoka ncha hadi ncha. Waliufunga hata hivyo, akapanda. Kila alipoegemea kando, ubao ulilala kwa ghafla, kwa sababu ukingo ulikuwa umetoka nje ya magurudumu na hauna kitu cha kuukalia. Mwenzake alifanya kinyume, ubao mwembamba juu ya ekseli pana, na kiatu kikawa kinagusa gurudumu kila anapopiga mguu chini. Nilipima ubao na ekseli vya waliokuwa wakiteleza bila matatizo. Tofauti ilikuwa robo inchi au chini yake.

Wapo wa Nairobi watakaosema hayo yanajulikana. Yanajulikana kwa mtu anayeingia dukani na pesa na kununua vyote pamoja. Huku hununui, unapokea kilicholetwa, kisha unatafuta nani ana traki zinazokifaa. Nilishuhudia biashara ya kubadilishana iliyochukua mchana mzima: beringi kwa boliti, kipande cha msasa wa kubandika juu kwa magurudumu mawili.

Umbali kati ya matundu nao si porojo. Kijana mfupi wa miguu alipewa ubao wenye inchi 14.5 kati ya boliti za ndani, na mkia ukamgomea kuinua pua, kwa kuwa miguu yake ilipanuka kuliko anavyoweza kuruka. Tukampa wenye inchi 13.25. Aliruka mara ya pili tu, kisha akaukimbiza kuwaonyesha wengine, tusimwone tena.

Mvua ya Kampala haibishi hodi. Iliposhuka, kila mtoto alichukua ubao kwanza, viatu baadaye, tukajibana chini ya mabati. Hapo nikaonyeshwa ubao ulioachwa nje usiku mmoja: mkiani tabaka zimeachana, gundi imekauka kwenye nyuzi, na mkia wenyewe umeliwa na saruji hadi ukawa na makali ya patasi. Nilikata kona kwa kisu nikaondoka nayo.

Kati ya mbao tulizoleta ulikuwemo mmoja mpana wa mtindo wa kale, inchi karibu 10, pua bapa na fupi. Wavulana waliucheka, wakausogeza kando kwa mguu. Msichana mmoja, kimo chake chini ya bega langu, akauchukua. Mpwa akamweleza kwa upole kwamba ni mkubwa kwake na kwamba ule wa 7.5 unalingana na kiatu chake. Kwa mtu wa kuruka ngazi, maneno hayo ni sahihi. Lakini binti huyu haruki. Alikwenda kwenye ukuta uliopinda, akashuka, akapanda upande wa pili, akageuka juu kabisa akiwa amechuchumaa, mkono mmoja ukigusa saruji. Ubao mwembamba ungemtetemesha, huu ulimkalia chini ya miguu yote miwili. Nilimwuliza kupitia kwa mkalimani kama hauoni mzito. "Haunitupi," akasema, na hakutaka mjadala zaidi. Nikaukalisha juu ya khaki, nikauchora.

Nimerudi na michoro mitatu. Wa inchi 8 ndio nitakaoanza nao, kwa sababu traki nyingi nilizopima Kitintale na Kangemi zinaukubali, na kwa sababu kule ubao mmoja hupandwa na watu wanne kwa zamu, mkubwa na mdogo, kwa hiyo kati na kati ndiyo salama. Wa 7.5 wenye matundu ya karibu ni wa watoto. Mpwa anataka tuongeze mkia kidole kimoja, eti saruji ikiula ubaki. Nimemkatalia, kwani ukirefusha mkia umebadilisha pembe ya kuupiga chini, na nusu ya vijana wale watalazimika kujifunza upya. Bado tunabishana. Wa tatu ni ule wa binti, na mpwa anasema nisipoteze gundi kwa ubao ambao hakuna atakayeununua. Ameshachelewa, kalibu yake ndiyo niliyoikata kwanza.

Shida sasa ni vinia. Ile ya mahogani ninayobandika kwenye makabati haifiki hata milimita moja, nami nataka milimita moja na nusu, mti mgumu, isiyo na vifundo. Nimezungukia wauzaji wa Industrial Area, na mmoja ameniambia anaweza kunikatia, mradi nichukue mzigo mzima. Nimemwomba sampuli tabaka saba tu.