SEHEMU YA 6: SIKU NILIYOFUTA MAGEMU YA MWANANGU

Nimetoka zamu ya usiku, nimeoga, chai iko mezani. Nisipoandika sasa hivi nitaahirisha tena, maana hii ya leo ni ya nyumbani kwangu na inanitia aibu kidogo.

Kijana wangu alikuwa kidato cha pili. Tuna kompyuta ya mezani, mtumba wa Kariakoo, nilinunua ili asomee. Yeye akaweka Minecraft. Kwa mama asiyelijua: ni gemu la dunia ya matofali matofali, watu wana vichwa kama boksi, unachimba, unajenga, usiku ukiingia mazimwi yanatoka.

Mwalimu akanipigia: mama, mtoto anasinzia darasani. Halafu Jumamosi moja narudi saa mbili asubuhi, namkuta kalala juu ya kibodi. Jamani, nilikuwa sijalala usiku kucha, hasira zikanipanda. Sikuuliza swali hata moja. Nikampigia fundi: njoo ufute magemu yote, hata ukianza upya sawa. Akaja Jumatatu watoto wakiwa shule, akapiga Windows upya, nikamlipa, nikalala usingizi mzuri kweli.

Jioni kijana akawasha. Akakaa kimya. Kisha akauliza, "Mama, folda langu liko wapi?"

"Folda gani?"

"La filamu zangu."

Nikamjibu, "Filamu gani wakati ulikuwa unacheza tu?"

Siku nne sikupata kwake zaidi ya "shikamoo mama" na "ndiyo mama".

Siku ya tano akaja rafiki yake na simu mkononi. "Shikamoo mama. Kuna moja alinitumia WhatsApp, bado ninayo." Dakika tatu tu.

Inaanza mtu wa boksi mwenye gauni jeupe anatoka nyumbani jua linazama. Mtoto anabaki ndani. Anazunguka anaweka mienge ukutani, mmoja mmoja, kwa sababu humo mazimwi hayatokei penye mwanga. Anapanda kitandani. Sasa sikilizeni: mkicheza wawili kwenye gemu hilo, usiku haurukwi mpaka wote mlale. Mtoto analala, usiku hauendi. Anaamka, anachungulia dirishani, anarudi kitandani. Usiku hauendi. Ndipo inasikika sauti ya mwanangu: "Mama hajalala bado."

Mwishoni kunakucha, gauni jeupe linaonekana njiani, mtoto anafungua mlango.

Mimi nimezalisha mapacha saa tisa usiku umeme umekatika, sikutetemeka. Siku hiyo nilikalia ndoo pale jikoni nikalia.

Baba yao ni dereva wa malori, muda mwingi yuko njiani. Zamu zangu za usiku mtoto alikuwa halali mpaka nirudi. Gemu lilikuwa linamsindikiza tu.

Nikamwambia anieleze anavyofanya. Kumbe ni kazi! Rafiki yake analeta laptop ya kaka yake, wanaunganisha kwa hotspot. Mmoja anakuwa mama, mwingine mtoto. Wanarekodi kioo, wanarudia hatua moja hata mara kumi, sauti wanarekodi na simu chini ya blanketi ili kelele za bodaboda zisiingie. Akaniambia, "Mama, hawa hawana uso wa kulia, kwa hiyo sauti ndiyo ilie."

Filamu za hivi zinaitwa mashinima, na si mambo ya juzi. Mwaka 1996 wachezaji wa gemu la Quake walitengeneza filamu fupi, Diary of a Camper, kwa kurekodi mchezo wao. Mwaka 2003 ikaanza Red vs. Blue, iliyotengenezwa ndani ya gemu la Halo, ikadumu miaka mingi. Mwanangu alikuwa anayajua haya yote. Mimi nilijua tu kwamba anapoteza muda.

Sasa nivae unesi kidogo. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa magemu kama ugonjwa, lakini halihesabu saa peke yake. Linaangalia mambo matatu: mtoto hawezi kujizuia, gemu linatangulia mbele ya kila kitu, na anaendelea hata linapomharibia maisha. Na kwa kawaida hali hiyo iwe imeendelea kama miezi 12. Ukiyaona hayo kwa mwanao, usipige kelele, mlete kituo cha afya tuongee.

Usingizi nao hauna mjadala. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Filamu iwe nzuri vipi, mwili haujui.

Kwetu tulikubaliana hivi. Kompyuta inazimwa saa tatu usiku, saa tatu na nusu yuko kitandani, kuamka saa kumi na moja na nusu. Nikiwa zamu, kabla hajalala nampigia kidogo: "Nipo, wodi imetulia, lala." Hata kama haijatulia. Filamu ni Jumamosi na Jumapili, na nikiwepo ananionyesha. Hesabu bado hazijanyooka, sitawadanganya, lakini mwalimu hajapiga tena kuhusu kusinzia.

Filamu nyingine zilikuwa kumi na moja. Hazipo. Nilimwomba msamaha, akasema "haina shida mama", na nyie mnajua watoto wetu wakisema haina shida inakuwaje.

Kwa hiyo mama, kabla hujamwita fundi, vuta kiti ukae pembeni yake. Muulize, "Hebu nionyeshe unafanya nini." Dakika tatu tu. Kama ni uraibu utauona. Kama ni kitu kingine, utakiona pia.

Ngoja nilale sasa. Tukutane Sehemu ya 7.