Breki za Nyuma Kabla ya Lami

Kabla ya lami, barabara ya Kondoa ilikuwa inakula breki. Baba mdogo alikuwa na Hilux ya kubebea mbuzi kwenda mnada wa Msalato siku za Jumamosi. Vumbi liliingia kwenye dramu za nyuma likakaa humo humo, maana dramu imeziba, siyo wazi kama diski. Kifuku nacho kilikuwa na yake: ukivuka korongo, unakwenda pole huku ukigusa breki kidogo kidogo mpaka shuu zikauke.

Pedeli ikianza kushuka hata upampu mara mbili ndipo ishike, tulikwenda kwa mzee mmoja fundi. Mawe mbele ya matairi, handibreki imeachiwa, jeki nyuma. Kwenye lile bati lililo nyuma ya gurudumu kuna kitundu chenye kifuniko cha mpira. Anakichomoa, anapenyeza bisibisi bapa, anasukuma meno ya ajasta moja moja, tak, tak. Kazi yangu ilikuwa tairi.

"Zungusha, mwanangu. Linagoma?"

"Limegoma, babu."

Hapo anarudisha meno machache, hadi ubaki mkwaruzo mwepesi usiozuia mkono. Kisha upande wa pili, nao ulingane na wa kwanza, la sivyo ukikanyaga kwenye mchanga gari linavuta. Kipimo chake kilikuwa sikio. Kibaya ni kwamba akifungua dramu alipuliza vumbi kwa mdomo, na shuu nyingi za enzi zile zilikuwa na asbesto.

Lami ya Dodoma hadi Babati kupitia Kondoa, kilomita 251, ilizinduliwa 2018, serikali ikiwa imeshaanza kuhamia Dodoma. Zikajaa Toyota IST. Nyuma ni dramu zilezile, ila ajasta hujikaza yenyewe unapovuta handibreki. Sasa nani anavuta? Gari ni otomatiki, Msalato ni tambarare. Mtu anaweka P anashuka. Ajasta isiyochezeshwa huganda kwa kutu na vumbi, pedeli ikashuka kama zamani, na gereji nyingi jibu lao ni shuu mpya. Siwalaumu sana, spea zimejaa madukani na mteja ana haraka.

Juzi kijana mmoja alifungua dramu ya IST ya jirani yangu. Shuu bado nene, ajasta imekwama. Akaosha kwa maji na brashi bila kupuliza, akapaka grisi kidogo kwenye nyuzi, akaikaza huku jirani akizungusha tairi. Akalipwa ufundi tu.