Kaka Alipokata Paa la Celica

Nilipotea kidogo. Nilikuwa nyumbani Sumbawanga, na nimerudi Dar na stori ya gari. Wale msiopenda magari msikimbie, maana mwisho wake si wa magari.

Kaka yangu mkubwa aliuza mahindi ya misimu miwili akanunua Toyota Celica kuukuu ya milango miwili. Hesabu yake ilikuwa ni harusi. Pale mjini maharusi wote wanapanda magari yale yale yenye maua na riboni, sasa yeye akaona akiwa na gari la wazi, bibi harusi kasimama anapunga mkono, atakodisha kila Jumamosi. Nikamuuliza, kwa baridi ya Ufipa mwezi wa sita, mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, nani atapanda gari lisilo na paa? Akasema bibi harusi hasikii baridi!

Ila nilipofika paa lilikuwa limeshakatwa. Fundi alikuwa na hoja mbili. Kwanza, ukitoa paa gari linakuwa jepesi, kwa hiyo linakimbia zaidi. Pili, "Mbona Land Rover tunatoa paa miaka yote na zinadunda tu, bosi?"

Tuanze na hiyo ya pili. Land Rover zile za zamani zina chesisi, ngazi nzito ya chuma iliyobeba kila kitu. Paa ni kofia tu, ukivua kichwa kinabaki. Celica haina ngazi hiyo. Bodi yenyewe ndiyo mifupa: sakafu, nguzo na paa vinashikana kubeba mzigo. Chukua boksi la viatu, bandika kifuniko kwa gundi, kisha jaribu kulisokota. Halafu ng'oa kifuniko ujaribu tena. Umeelewa.

Kuhusu uzito, ni kweli paa likitoka gari linapungua kilo. Lakini wenye viwanda hawaishii hapo. Toyota nao waliwahi kuuza Celica za wazi, na kazi ya kuzigeuza ilifanywa na kampuni ya Marekani iitwayo ASC, ambayo ililazimika kuimarisha bodi. Vyuma vya kuimarisha na mitambo ya kukunja paa vina uzito wake. Ndiyo maana Porsche 911 Carrera iliyotoka mwaka 2019 ina kilo 1,505 ikiwa na paa, na 1,575 ikiwa ya wazi. Hata hivyo yenye paa bado ndiyo ngumu zaidi kupinda. BMW Z4 ya paa ya mwaka 2006 ilikuwa ngumu kuisokota zaidi ya mara mbili ya ile ya wazi. Na ugumu huo ndio unaofanya gari litii kwenye kona, kwa sababu springi na shokapu zinahitaji kushikwa na kitu kisichopinda. Mazda MX-5 inasifiwa tangu 1989 kwa vile ilichorwa ikiwa ya wazi tangu mwanzo, haikukatwa baadaye na grainda.

Haya yote niliyajua. Nikanyamaza.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi ya kwanza, tukaijaribu kuelekea Laela. Lami ya siku hizi iko safi, si kama zamani tulipokuwa tunalala njiani masika. Gari lilikwenda, ila kioo cha mbele kilikuwa kinatetemeka, na ukikata kona mbele inatangulia, nyuma inafuata kwa kusitasita. Kisha tukachepuka barabara ya vumbi. Gurudumu la kushoto likaingia kwenye mtaro, bodi ikajisokota, na mlango wa upande wangu ukafunguka wenyewe. Mimi nilikuwa nimefunga mkanda. Bibi harusi aliyesimama akipunga mkono hafungi mkanda.

Kaka akazima injini. Ukabaki upepo tu.

"Mdogo wangu, ulijua?"

"Nilijua, kaka."

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyofika."

Hakunifokea, na afadhali angefoka. Tulifunga mlango kwa kamba tukarudi mjini polepole. Jioni ile ile akawarudishia wenye harusi malipo yao ya awali, wakatafuta gari la kawaida. Celica sasa iko nyuma ya nyumba chini ya milingoti, inauzwa vipuri.

Nilijiambia nilinyamaza kwa heshima. Yeye ni mkubwa, paa lilishakatwa, mahindi yalishauzwa. Kumbe ilikuwa ni woga tu. Kazi inayonilisha ni kuuliza watu wakubwa maswali wasiyoyataka, na siogopi. Ila kumwambia kaka yangu sentensi moja, "usimpakie mtu humu", nilishindwa mpaka mlango uliponisemea.