Damu isiyo ya hedhi: tulitoa nusu ya jibu



Ndugu zetu wasomaji, leo tunaandika jambo ambalo sisi wanaume tunaona haya kulitaja. Tunaliandika kwa sababu tulikosea.

Sisi tunasomesha madrasa hapa Remera. Kwa miaka mingi akina mama wamekuwa wakituletea maswali ya twahara kupitia kwa mama watoto. Mwaka 2020 lilikuja swali: mwanamke aliyekoma hedhi miaka minne iliyopita anaona damu kidogo, inakuja na kukatika. Je, aswali? Tukajibu kama tunavyosomesha: hiyo si hedhi, ni istihadha. Ajisafishe, ajifunge vizuri, atie udhu kila wakati wa swala unapoingia, aswali na afunge. Kisheria jibu lilikuwa sahihi. Lakini hatukuuliza damu imeanza lini, wala kama amemwona daktari.

Mwenye swali alikuwa dada yetu mkubwa. Alimwomba wifi yake asimtaje, kwa haya. Jibu letu lilimtuliza, akaendelea kuswali na damu ile karibu mwaka mzima. Alipoanza kuumwa kiuno na mguu mmoja kuvimba ndipo akasema. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na ilikwisha kuenea. Alitibiwa kwa mionzi Kanombe, katika Hospitali ya Kijeshi ya Rwanda, ambako huduma hiyo ilianza mwaka 2019. Mionzi ilimpunguzia maumivu na damu. Akafariki mwaka 2022. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Hakutulaumu. Alisema mara moja tu: "Mdogo wangu, ningejua damu ile ni ugonjwa ningekwenda hospitali."

Tukarudi kwenye vitabu. Kila mwaka tunasomesha habari ya Bibi Fatima binti Abi Hubaysh (r.a.), aliyemweleza Mtume (s.a.w.) juu ya damu isiyokatika, akabainishiwa kuwa hiyo inatoka kwenye mshipa, si hedhi. Sisi tulishika hukumu ya swala tu. Lakini damu ya mshipa ina sababu yake, na Mtume huyo huyo ametufundisha tutafute dawa.

Tukaanza kuuliza wauguzi. Tulichojifunza ni hiki. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi viitwavyo HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Vikibaki, hubadilisha chembe za mlango wa kizazi polepole, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU, huwa ni miaka 5 hadi 10. Katika muda huo wote mwanamke haumwi kitu. Ndiyo maana anapimwa akiwa mzima. Damu ikishatoka, huenda saratani imekwisha kuingia.

Mwaka uliofuata msiba, mama watoto, mwenye miaka 41, akaenda kupima katika kituo cha afya. Virusi vikaonekana. Akaitwa tena, muuguzi mwanamke akampaka dawa mfano wa siki, sehemu ndogo ikageuka nyeupe. Ikachomwa kwa joto siku ile ile, kwa dakika chache tu, na adhuhuri ikamkuta nyumbani. Tuliambiwa tusikutane kwa wiki nne, na arudi kupimwa baada ya mwaka. Dada yetu angeweza kupata tiba kama hii miaka mingi kabla.

Hapa tuwanasihi akina baba. Mke akiambiwa ana virusi hivi, usimshuku zinaa. Vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na wengi waliowahi kujamiiana huvipata wakati fulani. Hakuna anayeweza kusema vimetoka kwa nani. Pengine ni kwako.

Na kwa binti zetu ipo chanjo. Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuitoa kwa taifa zima, mwaka 2011, ikianzia kwa wasichana wa darasa la sita la msingi. Wapo wanaonong'ona kuwa inafunga uzazi. Si kweli. Na haimfundishi binti uchafu. Atakayeingia kwenye ndoa yake akiwa safi, chanjo itamlinda hata na virusi asivyovijua mumewe. Binti yetu amechanjwa, alhamdulillah. Hata hivyo aliyechanjwa naye atapimwa akifika umri.

Akina mama wenye miaka 30 hadi 49, nendeni mkapime hata kama hamna dalili. Anayeishi na VVU aanze mapema zaidi. Mwenye haya aombe muuguzi mwanamke, au aulize kama anaweza kujichukulia kipimo mwenyewe. Na yeyote anayeona damu baada ya kukoma hedhi, baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi bila mpango, asingoje.

Na ninyi masheikh na maustadhi wenzetu: mkiulizwa juu ya istihadha, jibuni ya swala, kisha ongezeni, "Na kesho nenda hospitali." Sisi sasa hatutoi jibu la kwanza bila la pili.

Wabillahi tawfiq.